Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mke wa marehemu, miaka 24, mshonaji wa sare za shule. Anaishi chumba cha kupanga nyuma ya soko la mitumba.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumapili, tulipanda barabara ya mlimani kwa gari la shemeji, mdogo wake mume wangu. Yeye ndiye aliyeendesha. Tulikuwa naye mimi, mume wangu ambaye ni fundi rangi, na mtoto wetu wa miezi kumi. Ilikuwa matembezi tu. Tangu nijifungue nilikuwa sijatoka, mume wangu akasema, "Mama, leo cherehani ipumzike."

Saa tano asubuhi tulisimama kwenye maporomoko ya maji. Gari lilielekea juu, nyuma yake korongo. Shemeji aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, akatuambia, "Breki ya mkono siiamini. Jiwe lisiguswe." Mume wangu akamcheka, "Dereva gani wewe, unatembea na mawe?" Mtoto alikuwa amelala kiti cha nyuma.

Mume wangu alitaka picha ya wote. Alitupanga, akaenda kutafuta pa kuegemeza simu, akarudi na jiwe. Pale mawe yamejaa, sikujua ni lipi. Akaiweka simu ipige picha yenyewe, akasema, "Niachieni katikati."

Gari likaanza kurudi nyuma. Shemeji alipaza sauti. Mume wangu alilikimbilia, akafungua mlango, akamtoa mtoto na kumrusha kwenye majani. Mlango ukamkumba. Akaenda na gari korongoni.

Mama mkwe yuko hapo nje, anasema mdogo amemuua mkubwa. Mama nampenda, lakini si kweli. Jiwe mlilolichukua chini ya simu lina alama ya tairi. Mume wangu hakuwa mzembe. Alisahau kwa furaha. Naomba shemeji atolewe mahabusu, kesho amzike kaka yake.

Picha ilijipiga. Shemeji amenyoosha mkono, mimi mdomo uko wazi. Katikati yetu tumemwachia nafasi.

Nimesema nilichokiona, na nitakirudia mbele ya yeyote.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya askari: Nimemsomea, amekiri ni maneno yake. Tulisimamisha maelezo mara moja amnyonyeshe mtoto. Simu imebaki kituoni kama kielelezo. Shahidi ameomba picha isifutwe.