Rangi Hazikuhama

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, na zikukute u mzima wa afya pamoja na wapwa zangu. Je, yule mdogo ameshaota meno ya mbele? Nauliza kwa dhati, maana yaliyo moyoni mwangu hayawahusu watoto, wala nisingependa yakaribie mlango wao. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, isipokuwa goti lake, ambalo bado linamtabiria mvua isiyonyesha. Mumeo amefika salama.

Uliponipigia simu, ulisema kompyuta ya karakana inakaribia kukata roho na Baba hataki fundi wa nje aiguse. Nilikueleza kwamba nimepewa nafasi ya mhariri msaidizi na nasubiriwa nijibu. Ukaniambia kazi za watu hazina mwisho lakini baba ni mmoja, na kwamba karakana ya kudarizi, mwisho wa yote, itakuwa mikononi mwangu. Kwa hiyo nisiitikie nafasi ile. Sikuitikia. Niliikataa kwa lugha ya adabu iliyonigharimu asubuhi nzima, nikafunga vitabu vyangu, nikarudi nyumbani.

Mashine yenyewe unaijua, ile yenye mgongo mnene kuliko uso. Programu yake ya kuchorea nembo haiuzwi tena, na walioitengeneza walishafunga duka. Michoro yote ya Baba, nembo za shule, za timu, za kwaya na za walinzi, ilihifadhiwa kwa namna ambayo kompyuta mpya inaitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Ikanibidi nifungue mchoro mmoja mmoja, niuhifadhi upya kwa namna inayoeleweka na mashine zote za kudarizi, niupeleke kwa flopi, ile diski bapa ya zamani, hadi kwa jirani mwenye duka la kutoa nakala, ambaye bado ana kompyuta yenye tundu la flopi, kisha niurudishe kwa flashi. Jirani akaniita Mchukuzi. Alinitania kwamba nimesoma vitabu vyote vile ili nije kuwabebea tai na simba mizigo yao. Nilimjibu kuwa hata maktaba zilizookolewa vitani zilibebwa na watu, akasema basi nibebe taratibu, nisimwangushie simba mlangoni.

Kwa kuwa programu ile haikubali jina la faili lenye zaidi ya herufi nane, Baba alijiundia lugha yake. CHUIMBUZ ni chui wa timu ya mpira aliyetoka na sura ya mbuzi, na timu ikampenda hivyo hivyo. TAIKIPOF ni tai ambaye jicho lake lilisahauliwa, akabaki kipofu katika sare za shule nzima hadi wazazi wakalalamika.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: mishono ilihama, rangi hazikuhama. Namna ile mpya huieleza sindano iende wapi, lakini haiielezi itumie uzi gani. Tai wa shule ya wasichana akatokeza na mdomo wa kijani na miguu ya waridi. Baba akasema huyo si tai, huyo ni bibi harusi.

Ndipo akavuta kiti, akaketi ubavuni mwangu, akaanza kunitajia rangi za kila mchoro kutoka kichwani mwake. Hapa samawati, lakini ile iliyopauka, kwa sababu mwalimu mkuu yule alikuwa mkali na alishawahi kuturudishia mashati yote. Pale dhahabu, ila mwanzo wa ukingo tu, maana ukizidisha kwaya inafanana na bendi ya polisi. Dada, tangu Mama afariki hakuwahi kusema nami maneno mengi kiasi kile. Nilifurahi. Mimi niliyesoma wanafalsafa wakibishana juu ya maana ya urithi nilidhani naupokea wangu, uzi kwa uzi.

Tulipomaliza, nilifika mahali pa kuweka jina la msimamizi wa kompyuta mpya, yaani la atakayeishika karakana. Nilikuwa nimeshaanza kuandika langu. Baba, bila kuninyanyulia macho, akaniambia niweke la shemeji. Nikacheka. Akalirudia polepole, kana kwamba tatizo langu lilikuwa kulisikia.

Sikukaa kimya, unanijua. Hamkuniita Wakili bure tangu utotoni. Nilimuuliza ni kwa mantiki gani. Akasema mwenye shahada hakosi pa kutua, lakini mume wa binti yake, tangu kiwanda kilipomwachisha kazi, anashinda akiangalia dari. Mimi nikichoka nitabeba vitabu vyangu niondoke, yeye hana pa kwenda. Nikamwambia hoja hiyo ina ufa mmoja: kama ni njema hivyo, mbona sikuelezwa kabla sijaikataa kazi yangu? Hapo Baba akaanza kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Shemeji simlaumu. Alifika na sanduku lake, akaketi kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto langu, akanishukuru kwa mikono miwili. Lakini kinywa chake hakina kufuli. Alinieleza huku akicheka, akidhani nayajua yote, kwamba ninyi watatu mlikwisha kukubaliana kabla hujanipigia simu, na kwamba wewe ndiwe uliyeonya Wakili asiambiwe lolote mpaka amalize, maana akijua mapema atabishana hadi kompyuta ya zamani ife na michoro tumboni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi, mtoto wa mdarizi, nilipaswa kuwa wa kwanza kuikagua nguo.

Ungeniambia ukweli, ningebishana, naam, pengine hata kwa ukali. Kisha ningemhamishia mumeo michoro yote kwa moyo mweupe, na leo ningekuwa na kazi yangu na ningekuwa na dada.

Nami nina la kukiri. Kazi nimeifanya kwa uaminifu. Hakuna nilichoficha wala kuharibu, ila kimoja. Katika mafaili yale yumo MBAYUWAY, yule mbayuwayu uliyemchora ukiwa msichana na kumdarizi kwenye mfuko wa shati langu la shule, mwaka ule aliofariki Mama, ili nikiwa darasani nimguse nikumbuke kwamba nyumbani kuna mtu. Baba amesahau rangi zake. Aliniuliza, nikamjibu kwamba hata mimi nimesahau. Nilimdanganya. Mishono yake imehama salama, na sasa anakaa katika kompyuta mpya akiwa amevaa rangi alizopewa na mashine, zambarau na kijani. Utakapohamia huku shule zikifungwa, mumeo atakuuliza. Umtajie wewe, kwa kuwa mimi sitakuwepo.

Wabusu wapwa zangu, uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Baba anakusalimu, na mumeo pia. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi mdogo wako,
Wakili,
ambaye kesi yake iliamuliwa hali yeye hakuitwa.