Bawa la Pili la Mdudu-Taa

Mpendwa yaya Bahati, mkubwa wangu,

Mchoro wako ungali kwenye msumari, juu ya kitanda chako. Bawa la kushoto ni jekundu, na doa jeusi kama jicho. La kulia bado ni mstari wa kalamu tu. Leo asubuhi baba mudogo alikuja kutoka Katindo, akakaa bila kuvua kofia, akasema: "Jumamosi tunaweka matanga. Mutu mwenye angali hai hawezi nyamaza hivi." Kisha akaonyesha ukutani. "Na wewe Neema, unajua kushika brosi. Umumalizie ile bawa, tuitundike karibu na foto yake."

Matanga bila maiti, yaya! Nilitaka kumjibu vibaya, nikaenda kumletea chai.

Unakumbuka kijijini Kalengera, kwa koko, bibi yetu? Ulinisimamisha mbele ya mti wa avoka, ukasema niangalie. Niliona gome tu. "Angalia muzuri, we kipofu!" Ukagusa gome kwa kijiti, na gome likafunguka, wekundu ukanirukia usoni, nikapiga kelele mpaka kuku wa koko wakatawanyika. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukaacha kucheka. "Ile rangi si uzuri, Neema. Ni woga. Anaifungua wakati anaona kifo."

Ndiye huyo mdudu-taa, mwenye pua ndefu. Katika kitabu chako cha zamani cha Kifaransa walimchora na mwanga kichwani, na ulikuwa unakasirika kama mtu aliyetukanwa. "Huyu alikopi kwa mwenzake, mwenzake alikopi kwa mwingine. Hakuna mwenye alikaa naye mu giza. Hawaki!" Na mabawa wazi, kila ukurasa. "Unaona hivi? Huyu iko na pini mugongoni. Mwenye uzima anafunga."

Lakini yule mama wa Birere anayeuzia mashule michoro alitaka mabawa wazi. "Nani atanunua picha ya gome?" alikuuliza. Ukapaka bawa moja ukinung'unika, kisha ukaosha brosi. Ukasema unaenda Kalengera kumwangalia tena aliye hai, ukirudi utachora wako mwenyewe. Nilikuambia barabara si nzuri, kuna wenye bunduki. Ukanivuta sikio, kama kawaida yako, ukaenda.

Tangu hapo simu yako haiiti. Wanaotoka upande ule wanaongea kwa kunong'ona, na mimi nikikaribia wanabadilisha maneno. Mmoja aliniambia alikuona ukipandishwa kwenye kamyo, lori la wenye bunduki. Mwingine alisema hapana, uliingia porini. Sijui nimwamini nani. Hapa nasi tunafunga mlango jua likiwa bado juu. Buti zikipita kwenye mawe ya lava tunanyamaza, hata mtoto wa jirani ameshajifunza kunyamaza. Naogopa, yaya. Sina neno lingine.

Baba mudogo alipotoka nilichovya brosi kwenye nyekundu. Niliifikisha karibu kabisa na karatasi, mkono ukakataa. Bawa lile nikilifungua, nimekuzika kwa mkono wangu.

Nikageuza karatasi. Nyuma yake nikachora mdudu aliyefunga: kijivu, mikunjo, pua ndefu imelala kwenye gome. Mbaya, ungenicheka. Baba mudogo alirudi kuchukua mwavuli aliosahau, akaangalia. "Sasa hii ni nini? Muti?"

"Njo yeye mududu wa yaya, baba mudogo."

"Neema. Usichezee wafu."

"Huyu hajakufa. Ona, amefunga."

Aliondoka akitikisa kichwa. Jumamosi watakuja na viti vyao na vilio vyao, watamkuta huyo ukutani. Walie wakitaka. Mimi nitawapikia, sitalia.

Nawe, yaya, kama ungali umejificha kwenye gome lako huko, usinitumie habari. Usije kwa sababu yangu. Wakikuita kwa jina, usigeuke. Hata ukisikia sauti yangu inakuita, usifungue mabawa.

Mudogo wako,
Neema