Telefone Yenye Ilikwama

Mama Asha,

Sitakuuliza kama uko muzima. Uko mu udongo, na juzi tulifanya arobaini yako. Niko na hasira. Sehemu ingine ya hii hasira ni yako.

Ile alhamisi ulinipigia kutoka shamba ya mama yako, kule Lusangi. Mimi nilikuwa hapa Kasongo, ku kazi ya matofali, mikono yote udongo. Nilipangusa kidole ku suruali, nikafinya pa kijani. Kioo ikakwama. Jina yako iko pale, inalia, mimi nafinya, nasukuma, hakuna kitu. Ikanyamaza. Ikazimika yenyewe. Wakati iliwaka tena nilikupigia, haukushika. Tumbo ilikuwa imekukamata. Walikubeba ku kinga, baiskeli ya kukanyaga, wakupeleke hospitali Kabambare. Ukafia njiani.

Ile telefone kukwama ni juu yako. Muuzaji wa sokoni alishaniambia: Android yenyewe haina shida, kuna zenye zinakimbia muzuri, lakini hii ni ya bei ya chini na ndani imejaa. Imejaa sauti zako. Haukujua kuandika, basi kila kitu sauti. Chumvi imeisha, sauti. Kuku ya jirani imeingia mu nyumba, sauti. Muuzaji alisema futa. Na wewe ulisema, "Ukifuta hata moja, Baba Asha, utalala na kuku." Sikufuta.

Ku arobaini ndugu zako walinikalisha ku mukeka. Kaka yako Shabani, wa duka ya telefone pale Kabambare, ndiye alisema sana. "Shemeji, hiyo haiko telefone, ni tofali. Dada yetu ameita bwana yake, bwana ameshindwa kufungua." Wakaniomba mbuzi ya kosa. Niliitoa. Niliona wana haki.

Tuko nakula ile mbuzi, Shabani akatoa iPhone yake anionyeshe telefone ya watu. Kweli, inateleza kama kidole mu mawese. Picha zinapita, hazigongi popote. Unagusa, imeshafunguka. Niliichukia. Nilisema mu roho: kama ningekuwa na hii, Mama Asha angekuwa anapika.

Akafungua pale pa watu wenye walimupigia, akasukuma, majina yakateremka mbio. Nikaweka kidole. Ikasimama palepale. Hata kidole yangu ya matofali iliisikia.

Dada Zaina, ni wewe. Nyekundu. Pembeni ya jina, tatu. Na tarehe ya ile alhamisi.

Mara tatu, Mama Asha. Shabani na pikipiki yake, pale Kabambare, karibu na wewe kuliko mimi.

Nilimuambia asome ile jina kwa nguvu, mama yako asikie. Alisema alikuwa na muteja. Alisema alisukuma tu pembeni, angekupigia kiisha. Kusukuma pembeni. Na kidole moja. Ile telefone nzuri inakataa mutu bila kelele. Yangu ni mbovu, lakini ilikufa ikilia jina yako.

Baba yako akasema tuache, mbuzi imeshaliwa. Mama yako aliinua sahani ya Shabani, nyama ingali mingi, akaenda kuimwagia kuku.

Mimi siachi. Shabani atanirudishia mbuzi yangu, mbele ya walewale watu, ama hatakanyaga kwangu hata siku ya ndoa ya Asha. Nakuapia.

Na sauti zako sifuti. Muuzaji aseme, Asha aseme, hakuna. Kila asubuhi mbele ya kwenda ku matofali nafinya ile ya chumvi. Inakwama. Inazunguka, inazunguka.

Basi lala, Zaina. Mimi nangoja ifunguke. Wewe ulingoja zaidi.

Baba Asha