Alama ya Kidole cha Veronika

Ifakara, Novemba 1955
Jumatano jioni

Kibuyu kimefunguliwa. Nilidhani ningeweza kukataa.

Bwana shamba alikuja tena asubuhi. Anasema serikali inataka kila kijiji cha Tanganyika kiwe na bustani ya pamoja. Wanawake wa Namawala na Sanje wamekwisha kutengeneza matuta, lakini hawana mbegu za mchicha. Alijua kwamba marehemu mke wangu, aliyeanzisha bustani ya hapa, aliacha kibuyu kizima darini juu ya meko, mdomo ameuziba kwa udongo.

Nikasema, "Labda mwakani."

"Mzee, zimekaa sana. Mwakani hazitaota."

Mama Agata, aliyekuwa akipalilia na mke wangu, hakuwa na upole huo. "Shemeji, unawatunzia panya? Veronika angekuchapa mwiko!"

Tulicheka, nikakiteremsha.

Sikuwaambia kwa nini nilisita. Kwenye ule udongo palikuwa na alama ya kidole gumba chake, alipoukandamiza ukiwa bado mbichi. Tangu tumzike, kila asubuhi nimekuwa nikiweka changu pale. Ni kikubwa, hakiingii.

Niligonga polepole kwa mpini wa kisu. Udongo ukapasuka hata hivyo. Mbegu zilimiminika nyeusi, nzima, zikatosha vijiji vyote viwili.

Nimejaribu kuunganisha vipande kwa mate. Haviungani.

Mama Agata ameacha konzi moja ya mbegu za kupanda hapa mvua zikianza. Kesho nitaviloweka vile vipande, nizibe tena. Udongo ni uleule alioukanda yeye. Kidole itabidi kiwe changu.