Shati la Pazia

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumai barua hii itakukuta salama wewe na Mama, na kwamba wateja wameanza kurudi kuchukua saa zao. Nikiuliza afya yako, najua utasema moyo ni ule ule na sweta ni lile lile. Mimi sijambo. Mafua yalinibana yakaniachia, na dari bado linavuja juu ya kitanda. Mwenye nyumba anasema fundi yuko njiani. Huyo fundi nadhani anakuja kwa magoti. Mwambie Mama dawa ya miguu nimeipata, nitaituma.

Uliniuliza kwenye simu, kwa kejeli zako, mtu anasomaje historia ya sayansi miaka yote hii wakati sayansi yenyewe inakwenda mbele. Jibu ni refu kidogo, kwa hiyo weka saa za watu pembeni.

Nachunguza jinsi madaktari wa zamani walivyofanya utafiti kwa watu, na kama watu hao waliulizwa. Mwanzoni nilitoka kapa. Kila nilipotafuta neno maadili katika majarida ya miaka ile, sikupata kitu. Mkutubi wa hapa, mama mkali anayeficha pipi kwenye droo, alinicheka akasema enzi hizo hakuna aliyeliita jambo hilo hivyo, nisilitafute kwa jina la leo. Akanishauri nisome shukrani mwishoni mwa makala, nione nani ametajwa na nani kasahauliwa.

Nikazisoma mpaka macho yakaniuma. Daktari mmoja aliyepima mioyo ya watoto alimshukuru dereva wake, kiwanda cha biskuti kwa makatoni yake, na hata mkewe kwa kumvumilia. Akina mama waliowapeleka hao watoto hawamo. Nikasema hapa pana jambo, nikaisoma makala nzima.

Katikati pana picha ya mtoto wa kiume kando ya mashine, shati limefunguliwa vifungo, nyaya zimebandikwa kifuani. Machoni amepakwa mstari mweusi asijulikane, ndivyo walivyokuwa wakifanya. Mgeni kweli hatamjua. Lakini shati lile lina tausi wawili, na mmoja hana kichwa kwa sababu mkasi wa Mama ulimpitia shingoni. Ni pazia la sebuleni kwetu, kaka. Kipande kilichobaki nilishonewa gauni mimi, na kichwa cha tausi kilikuwa kwangu. Nikazikumbuka zile Jumamosi ulizopelekwa hospitali kwa ajili ya moyo wako. Nikafunga jarida, nikaenda kunywa maji.

Sikutaka kutegemea picha peke yake. Mkutubi akaulizia huku na huku, akanipatia mpiga picha wa zamani wa hospitali ile, mzee anayeishi na binti yake nyuma ya duka la rangi. Uso wako hakuukumbuka, tausi aliwakumbuka. Alisema mstari ule aliupaka yeye mwenyewe, kwa wino na brashi ya rangi ya kucha ya mkewe.

Msimamizi wangu anasema picha ilishachapishwa, macho yamezibwa, jina halipo, niitumie tu. Sura nzima ya tasnifu yangu inaitegemea. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe kwanza, akashangaa kusikia kwamba mwenyewe ni fundi saa na ni kaka yangu. Ukikataa naitoa, na sura nitaiandika upya. Sitanuna, au nitanuna siku mbili tu.

Ila siwezi kukuomba ruhusa huku nakuficha maneno yaliyo chini ya picha. Nimekaa nayo wiki kadhaa, nikikupigia simu na kuzungumza habari za mvua. Pameandikwa: mtoto mzima, wa kulinganishia. Daktari alihitaji watoto wagonjwa na watoto wazima ili aone tofauti, na wewe ulikuwa upande wa wazima. Moyo wako haukuwa na kitu, kaka. Nilimuuliza mpiga picha kwa nini basi Mama hakuambiwa. Akanijibu kwa unyonge kwamba daktari alikataza, kwa sababu akina mama wakijua watoto wao ni wazima, wasingewaleta tena.

Mama aliambiwa akulete kliniki ya moyo, yaliyobaki akajijibu mwenyewe. Ndiyo maana hukucheza mpira. Ndiyo maana mjomba alipotaka kukufundisha kuendesha lori, Mama alilia mpaka mjomba akaondoka. Ndiyo maana Mama hakukuruhusu kuvua sweta hata juani, na mtaa mzima unakuita Bwana Sweta. Mama simlaumu hata kidogo. Nina hasira, na sina pa kuipeleka, maana daktari mwenyewe alishakufa.

Kama Mama aambiwe au asiambiwe, amua wewe uliye naye. Nimemuuliza daktari wa moyo wa hapa, anasema uzima wa utotoni haumalizi mambo, kwa hiyo nenda ukapimwe. Safari hii waulize wanapima nini na kwa ajili ya nani, na usishuke kitandani mpaka wamekujibu.

Nisalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Na jua likiwaka huko, vua hilo sweta, hata kwa dakika tano.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye kichwa cha tausi