Piko Iliyogoma Kutoka

Ujiji, Kigoma
17 Februari 1974

Kwa kaka yangu mpendwa Hamdani,

Shikamoo kaka. Salamu za amani zikufikie hapo Tabora, wewe, wifi na watoto wote. Natumaini kifua chako kimetulia na kazi ya reli haikuchoshi kuliko kawaida. Sisi huku hatujambo. Mvua zinanyesha vizuri, mihogo imeshika, na dagaa wa giza hili la mwezi wameshuka ufukweni Kibirizi kwa wingi mpaka paka wa mtaa wanachagua.

Najua umenuna kwa kimya changu tangu harusi ya Mwanaima, na una haki. Mwambie wifi akuletee chai, maana habari ni ndefu, na usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Harusi ya mpwa wako, ambayo kazi ilikunyima kuja, ilifana. Aliyetupaka hina ni Bi Mapendo wa Bangwe, yule ambaye wazee wake walitoka Kongo. Alipomaliza kumpaka bibi harusi alisema mama mzazi hawezi kumtoa binti na miguu mitupu, akanipaka na mimi piko, ile hina nyeusi, nyayo nzima. Baada ya wiki chache piko ya kila mtu ilitoka, lakini yangu ikaacha doa jeusi kwenye kisigino cha kushoto. Nilisugua kwa jiwe, nikasugua kwa majivu na ndimu, wapi.

Unajua wanawake wa huku wanavyoamini kwamba hina ikikolea mume anakupenda. Basi mimi, niliyeolewa kabla ya Uhuru, nikawa gumzo la bombani. Shemeji yako Mwinshehe ndiye aliyezidi. Alipita kwa wauza kahawa kwa mwendo wa mwenyekiti wa kijiji, na mgeni akija nyumbani ananiambia nivue ndala nimwonyeshe. Bi Mapendo naye akakosa hata nafasi ya kula, maana kila mtu alitaka piko kama yangu mimi Mwanvua. Nisikufiche, nilipenda. Miaka yote nimekamua mawese na kukaanga samaki migebuka, na hakuna aliyewahi kuitazama miguu yangu. Doa likawa linatanuka kidogo kidogo, kingo zake zikienda huku na huku, nami nikasema mapenzi yanakua.

Ndipo ikaja kampeni ya afya redioni. Tulikaa kikundi kusikiliza, na kiongozi wetu alikuwa muuguzi Honorata, binti wa Kiha kutoka Kasulu. Siku ya somo la safura, minyoo inayoingilia nyayoni, alitaka tunyooshe miguu aone nani anatembea peku. Wenzangu wakacheka, wakamwambia aanze na mimi mwenye kisigino cha mapenzi. Honorata hakucheka. Alikishika kisigino kwa mikono miwili, akauliza doa lina muda gani, kisha akaniambia kwa upole kwamba hina hufifia tu, haikui.

Kaka, usishtuke. Hospitalini walikata kipande kidogo, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na jibu likawa saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza weusi wetu. Pengine ilikuwepo tangu kabla ya harusi, piko ikaifunika tu. Nikaandikiwa kwenda huko huko kufanyiwa upasuaji, na Mwanaima akanisindikiza na mimba yake changa.

Njia nzima Mwanaima alikuwa akilishika tumbo lake. Kumbe nyumbani kwa mumewe walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ugonjwa huu uko katika damu yetu, naye akiwaza kama ameshamrithisha aliye tumboni. Alipomuuliza daktari, yule baba aliutazama mkeka niliokuja nao, akauliza nani kausuka. Nikasema mimi. Akaeleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo madogo mno yanayoitwa jeni, kama ule mfano ninaoufuata kichwani nikisuka. Chembe ikigawanyika huyanakili maagizo yake, na mara moja moja hukosea. Mengi ya makosa hayo mwili huyarekebisha. Lakini yakilundikana mahali pabaya, chembe hupoteza agizo la kuacha kuzaana, na zote zinazotokana nayo huliiga kosa, kama vile ukikosea ukindu mmoja na safu zote zinazofuata zikaenda kombo.

Alisema zipo koo chache zinazorithishana hatari hiyo, ila kwetu hakuona dalili. Kosa langu lilianzia kisiginoni, si tumboni mwa mama, na mjukuu hawezi kurithi kosa la kisigino. Nikauliza kama ni jua la Kibirizi. Akajibu kwamba jua huwaumiza zaidi Wazungu na ndugu zetu albino, kisigino hakioni jua, na ni agizo gani hasa linalokosewa kwenye nyayo zetu wataalamu bado hawajui. Nilimpenda kwa kusema hajui. Mwanaima alilia pale pale, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Walikata nyama ya kisigino wakapachika ngozi ya paja, kwa hiyo dada yako sasa anakanyagia paja. Walipima na mitoki, zile tezi za kinenani, hawakukuta kitu. Nitakuwa narudi kupimwa, maana ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na sijidanganyi.

Sasa nikuambie linaloniuma. Tulipokuwa tunakwenda, treni ilisimama Tabora asubuhi, na nikakuona. Ulivaa kofia yako ya reli, ukimfokea mpagazi. Mwanaima alitaka kukuita, nikamshika mkono, nikajifunika kanga usoni. Niliogopa kwamba ukiniuliza naenda wapi nitalia, na ukiniona nalia utapanda uache kazi. Nikakutazama mpaka treni ilipokata kona, nikisema moyoni kwamba kama ndiyo mara ya mwisho, basi nimekuona mkali na mwenye afya. Nisamehe, kaka yangu.

Kabla hujaikunja barua hii, vueni viatu wewe na wifi, mtazamane nyayo. Mkiona doa linalokua, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msalimie kila mtu hapo. Mwanaima anakusalimu, tumbo limeshatangulia mbele yake.

Mwinshehe naye anakusalimu. Alinipokea stesheni amevaa soksi, na unajua hajawahi kuzivaa hata siku ya ndoa yetu. Nilikuwa na wasiwasi wa kijinga kwamba wamekikata kile alichokuwa akijivunia. Tulipofika nyumbani akazivua, na kwenye kisigino chake cha kushoto nikaona doa jeusi. Kumbe alikwenda Bangwe kwa Bi Mapendo, mwanamume mzima, akaomba apakwe piko mahali pale pale. Alisema kama doa ndilo la mapenzi, basi ni zamu yake kulibeba. Kahawani wanamwita bibi harusi, wala hajali.

Kila asubuhi akitawadha nalitazama doa lake. Linafifia. Jana lilibaki kama kivuli, akasikitika, akataka kurudi Bangwe kuongeza. Nimemkataza. Nimemwambia aliache lifutike lote, nami nipo hapa nalitazama.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Mwanvua