Ng'ombe Weusi Ndani ya Ukuta wa Baba

Pyoseon, Jeju
Aprili 9

Mpendwa mdogo wangu Chang-ho,

Hujambo huko Osaka? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kama trekta bovu? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na kunigombeza vizuri zaidi, basi najua hana ugonjwa.

Barua yako niliipata. Umesema tuuze ng'ombe weusi wote, tununue wa manjano. Hesabu yako sikuikataa: weusi wanachelewa kunenepa, na chakula cha mifugo kimepanda bei. Nilinung'unika, lakini nikamwita Bwana Bu, yule mnunuzi, aje na lori.

Alifika asubuhi, ukungu umetanda. Malishoni hakukuwa na ng'ombe hata mmoja. Tuliwakuta ndani ya ukuta wa mawe unaozunguka kaburi la Baba, wote, wamesimama kimya wakilitazama kaburi. Ukuta ule unanifika kifuani, na hakuna jiwe lililoanguka.

"Dada, nani kawaingiza humu?" Bwana Bu aliuliza.

"Nikuulize wewe mwenye lori."

"Usinitanie. Mlango wa marehemu uko wapi?"

Hapo ndipo nilipoona. Chang-ho, ukuta uliujenga wewe, kwa haraka ya kuwahi ndege, ukasahau kuacha upenyo wa roho upande wa kushoto! Baba, aliyemaliza maisha yake nyuma ya ng'ombe, tumemfungia ndani tangu vuli. Bwana Bu akasema, "Ng'ombe walioitwa na mwenyewe mimi sinunui," akaondoka hata chai hakunywa.

Niliondoa mawe kushoto, upenyo wa kupitisha mkono tu, kama ilivyo desturi. Kisha nikashuka kuwaita majirani tubomoe ukuta, tuwatoe. Tuliporudi, ng'ombe walikuwa nje wanakula majani. Majirani walinicheka, wakaniuliza kama siku hizi nakunywa tangu asubuhi.

Jioni niliwarudisha nyumbani, mimi nimetangulia. Nyuma yao kulikuwa na mluzi. Sikugeuka. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akasema, "Leo baba yenu kawahi," akaingia ndani kumpakulia.

Naogopa, sikufichi. Lakini nimewaza hivi. Hoteli za mjini zinaulizia sana nyama ya weusi, na zinailipia zaidi kuliko ile ya wa manjano. Tuwauzie madume tu, majike wabaki wazae. Tusipouza kabisa hatutaweza kuwalisha, na tukiuza wote, ukoo wa ng'ombe wa Baba umekwisha mikononi mwetu. Ninawapenda, Chang-ho, hata yule mkorofi anayenikanyaga.

Nisalimie mkeo Yeong-ja na mwanao Min-gyu. Wazee wetu wakulinde kazini na njiani.

Jibu upesi. Kama bado unataka tuwauze wote, njoo umwambie Baba mwenyewe, maana Mama anasema kila jioni anaulizwa wewe umesema nini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Ko Mal-sun